Magonjwa ya kuambukiza katika Biblia: ni adhabu ao hapana?

Ebola ilitangazwa Mangina, teritware ya Beni, tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, wengi wao Kivu ya Kaskazini na Ituri. Waamini wengi walijiuliza: hii ni adhabu ya Mungu?

Ndani ya Biblia jibu si moja. Katika 2 Samweli 24, tauni inaua watu 70,000 kwa siku tatu, juu mfalme Daudi alihesabu watu. Lakini Ayubu anajaa majipu na yeye ni mtu wa haki. Marafiki wanaomtafutia zambi, ndio Mungu anawakasirikia mwishoni. Na katika Yohana 9, wanafunzi wanauliza nani alikosa, kipofu ao wazazi wake. Yesu anasema si yeye, si wazazi. Mwenye kusoma Samweli peke yake anafika mbio kusema mgonjwa amejitafutia, na hapo familia inaanza kumficha.

Walawi 13 inafuata njia ingine. Kuhani anaangalia ngozi. Akiwa na mashaka anamfungia mtu siku 7, anamwangalia tena, na mashaka yakibaki, siku 7 zingine. Haulizi zambi, anauliza kama alama imesambaa. (Ile "ukoma" ilikuwa jina la magonjwa mengi ya ngozi; hata nguo zilipimwa.) Wakati wa Ebola, aliyegusa mgonjwa alifuatiliwa siku 21, kazi ni ileile ya kungoja na kuangalia. Ila mgonjwa wa Walawi aliachwa nje ya kambi, akipaza sauti kwamba ni mchafu. Hiyo hatuwezi kuiiga.

Wahubiri wanapita haraka sana kwenye kurudi. Katika Walawi 14, kuhani mwenyewe anatoka nje ya kambi kumpima aliyepona, kisha anamrudisha. Katika Hesabu 12, Miriamu anafungiwa nje siku 7, na kwake ilikuwa adhabu kweli. Lakini taifa zima halikuondoka mpaka aliporudishwa.

Hapa kwetu, waliopona Ebola walitoka kituoni na cheti mkononi, na bado wengine walikimbiwa na majirani. Lakini mjini Beni, ni hao hao waliobeba watoto ambao mama zao walikuwa wanatunzwa ndani, kwa sababu mwili wao ulikuwa umeshapata kinga.