Nani alifunga duka la nani? Historia ya Islii kwa karatasi nne (UZI)

1/ Kila msimu wa kampeni kuna hoja moja hurudi kama mvua ya masika. Mmoja anashika maiki anasema: "Wageni wamechukua biashara zetu." Mwingine anamjibu: "Hii ni soko huria, aliyeshindwa ahame." Makofi pande zote, halafu watu wanaenda nyumbani. Swali lenyewe halijaguswa: duka linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, huwa ni nani ameamua? Tuchukue mtaa mmoja tu, Eastleigh ya Nairobi, Islii yetu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Wao wanapita, mtaa unabaki.

2/ Ukiingia Islii leo ukiwa na njaa utapata wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu kando ya sahani, tambi, anjera, na maziwa ya ngamia yanayoletwa kwa mabasi kutoka Isiolo. Hizo tambi zina historia yake: kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Waitaliano. Sahani moja, tayari una himaya mbili na barabara ya kilomita karibu mia tatu. Lakini mtaa huu haukuanza na ngamia.

3/ Mwaka ni 1921. Serikali ya kikoloni inagawa makazi ya Nairobi kwa rangi ya ngozi. Wazungu wanapewa vilima vya magharibi, kwenye hewa safi na miti. Waafrika wengi wanasukumwa Pumwani na maeneo ya karibu. Eastleigh inatengwa kwa Waasia, pamoja na Waafrika wachache wenye kazi za ukarani na ufundi. Wasomali nao, wengi wao wafanyabiashara wa mifugo, walikuwa sehemu ya mtaa huu tangu enzi hizo za ukoloni. Kwa hivyo anayesema Msomali alifika Islii "juzi" ameruka kurasa nyingi.

4/ Islii ya wakati huo ilikuwa ya dukawala. Nyumba ina ua katikati, duka mbele, familia nyuma. Unanunua kitambaa, sukari, mafuta ya taa. Kando ya mtaa kulikuwa na uwanja wa ndege, na abiria wa Nairobi waliutumia mpaka Embakasi ilipofunguliwa 1958. Leo uwanja huo ni kambi ya jeshi la anga.

5/ Hapa tunapata KARATASI YA KWANZA: hati ya ardhi. Dukawala hakupata nafasi Islii kwa sababu alikuwa hodari kuliko Mwafrika wa Pumwani. Alikuwa hodari, sawa, lakini pia aliruhusiwa kumiliki mahali ambapo mwenzake hakuruhusiwa hata kulala bila kipande. Mwenye hati ana kitu cha kuweka rehani, cha kukodisha na cha kurithisha. Mwenye kibanda ana bidii yake tu. "Soko huria" lilianza mbio likiwa limeshamfunga mkimbiaji mmoja miguu.

6/ Uhuru, Desemba 1963. Waasia wanapewa miaka miwili, mpaka 12 Desemba 1965, kuomba uraia wa Kenya. Wengine wanaomba, wengine wanashika paspoti ya Uingereza wangoje kuona upepo. Kisha 1967 zinakuja sheria mbili. Ya uhamiaji inadai asiye raia awe na kibali cha kazi. Ya leseni za biashara inachora mipaka: nje ya maeneo yaliyotangazwa katikati ya miji mikubwa, asiye raia haruhusiwi kufanya biashara bila kibali maalum. Pia kuna orodha ya bidhaa ambazo hafai kuzigusa.

7/ Hii ndiyo KARATASI YA PILI: leseni. Haikuhitaji bunduki. Afisa anakataa kuifanya upya na duka linafungwa lenyewe. Maelfu ya watu wakapanda ndege kwenda Uingereza, na huko nako bunge likapitisha sheria ya haraka Machi 1968 kuwafungia mlango. Fikiria kufunga duka la baba yako huku, na kule unakokimbilia unaambiwa paspoti uliyo nayo haitoshi.

8/ Maduka na majumba yakauzwa. Nani alinunua? Serikali ilikuwa na shirika la ICDC lililotoa mikopo kwa Waafrika wanunue biashara. Ni jambo zuri, na lilikuwa la haki baada ya miaka ya kufungiwa nje. Lakini mkopo unataka dhamana, na dhamana inataka hati au mtu wa kukujua ofisini. Islii, wengi walionunua walikuwa Wakikuyu wenye mtaji au waliojiunga kwa makampuni ya kununua ardhi. Mama aliyekuwa akiuza uji nje ya duka hilo aliendelea kuuza uji nje ya duka hilo.

9/ Hilo tulishike vizuri, kwa sababu kwenye mijadala watu husema "biashara ilirudi kwa wananchi." Ilirudi kwa baadhi ya wananchi. Mwenye jengo alibadilika, mpangaji hakupanda ngazi. Miaka ya 70 na 80 nyumba nyingi zikagawanywa vyumba, zikawa lojingi za wasafiri. Chini hoteli za chai, mandazi, githeri na karanga ya ng'ombe. Basi zinazokwenda kaskazini zinashusha na kupakia. Huo ndio mtaa ambao wazee wengi wanaukumbuka na kuuita "Islii ya kitambo."

10/ Sasa 1991. Serikali ya Somalia inaanguka, watu wanakimbia. Wengine wanabaki kambini Dadaab, wengine wanafika Nairobi wakiwa na ujuzi wa biashara, jamaa nchi za nje, na hawala ya kutumiana pesa. Jina la kukumbuka ni Garissa Lodge. Ilikuwa lojingi kama zingine. Mfanyabiashara anakodi chumba, mchana anatandaza nguo kitandani anauza, usiku anaziondoa analala. Bidhaa zinatoka Dubai, bei iko chini kuliko ya katikati ya jiji. Wateja wakajua njia.

11/ Mwenye nyumba si mjinga. Akipiga hesabu anaona chumba cha msafiri kinampa kodi ya usiku mmoja, na chumba hicho hicho kikiwa stoli kinampa mara nyingi zaidi. Garissa Lodge ikageuka soko kabisa. Wengine wakaiga: bomoa lojingi, jenga plaza. Pesa za kujenga zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa wapangaji wenyewe. Ulikuwa unalipa gudwili, pesa nyingi za mkupuo, upate stoli kabla jengo halijaisha. Na ya kulipa gudwili uliipata kwa ayuuto, yaani chama cha mzunguko kama kile cha mama yako, na kwa jamaa waliokuamini bila karatasi.

12/ Kwa hivyo si kweli kwamba "waliletewa pesa wakanunua mtaa," na si kweli kwamba "ni soko tu." Ni watu waliokuwa na mtandao wa kuaminiana uliowawezesha kulipa mapema. Muuza chai wa ghorofa ya chini hakuwa na mtandao huo wala miezi sita ya kungoja jengo. Hakushindwa na pilau. Alishindwa siku jengo lilipobomolewa.

13/ KARATASI YA TATU ndiyo hii: mkataba wa kodi. Wengi hawajui kwamba Kenya ina sheria ya 1965 inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula. Mawakili huiita Kap 301. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao wa miaka mitano kushuka chini, wewe ni mpangaji unayelindwa. Landlodi hawezi kukupandishia kodi au kukufukuza kwa simu tu. Lazima akupe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na unaweza kwenda mbele ya tume ya kodi za biashara kabla notisi haijaanza kazi.

14/ Mbona basi watu wanafukuzwa kila siku? Kwa sababu mlango una matundu. Tundu la kwanza: sheria inamruhusu landlodi akuondoe kama anataka kubomoa au kujenga upya. Katika mtaa unaogeuka plaza, kila mtu anataka kujenga upya. Tundu la pili: ulinzi unaishia miaka mitano, kwa hivyo mikataba mingi huandikwa "miaka mitano na miezi mitatu." Hiyo miezi mitatu haikuwekwa kwa ukarimu. Tundu la tatu ni sisi: muuza chapati anapopewa barua, anaanza kutafuta chumba kingine, hatafuti tume.

15/ Mwaka 2021 mswada ulipelekwa bungeni wa kuunganisha sheria za kodi za nyumba, za biashara na ile ya kukamata mali ya mpangaji. Ulijadiliwa kidogo sana mitandaoni. Wiki hizo hizo tulikuwa tunabishana nani ni mwenyeji wa wapi. Mswada unaogusa kila kinyozi na kila kibanda cha chipsi nchini haukupata hata nusu ya joto hilo.

16/ KARATASI YA NNE ndiyo nzito: kitambulisho. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipekuliwa kuthibitisha uraia wao, waliokubaliwa wakapewa kadi maalum ya rangi ya waridi. Raia mwenye kitambulisho akaambiwa atafute karatasi ya kuthibitisha karatasi. Huwezi kuendesha duka hivyo. Msambazaji hakukopeshi bidhaa kama hajui kesho utakuwa wapi.

17/ Novemba 2012 matatu ililipuliwa Islii, watu wakafa, kisha vijana wakavamia watu na maduka ya Wasomali. Mwezi uliofuata serikali ikaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini. Julai 2013 Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo. Machi 2014 milipuko ikapiga sehemu za kula hapo hapo Islii, watu sita wakafa. Aprili ikaja operesheni ya Usalama Watch: maelfu wakakamatwa, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Waliolipuliwa na waliokamatwa walikuwa mtaa mmoja, wateja wa hoteli moja.

18/ Mwanafunzi wa historia ataona kitu. Aprili 1954, Operesheni Anvil: wakoloni waliuzingira mji huu huu na kukamata zaidi ya watu 20,000, wengi Wakikuyu, kwa kuangalia karatasi na kabila. Miaka sitini kamili kati ya hizo mbili. Ukubwa wake si sawa na nia zake si sawa, lakini hesabu ya mwenye duka ni ileile: mlango ukifungwa wiki tatu, kodi haisimami.

19/ Ongeza Mei 2020. Wakati wa korona, Islii na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungwa watu wasiingie wala kutoka, kuanzia tarehe 6 Mei hadi mwanzo wa Juni. Hoteli na maduka makubwa ndani yake zikafungwa. Labda kiafya ilihitajika, huo ni mjadala wake. Lakini aliyekuwa na jengo alipoteza mwezi mmoja. Aliyekuwa na sufuria na deni la gudwili alipoteza biashara.

20/ Najua jibu litakalokuja: "Na ukwepaji wa ushuru? Na bidhaa feki?" Ni maswali halali kabisa. Yaulizwe bandarini, mpakani na kwa mamlaka ya ushuru, kwa mwenye kontena, awe nani. Ukiyauliza kwa kabila, utamkamata muuza soksi na kontena litapita. Halafu kumbuka plaza moja ya Islii ina Mmeru wa miraa, Mkamba wa mizigo, Muoromo wa kahawa na Mkikuyu mwenye shamba lililo chini ya jengo lote.

21/ Basi ukimsikia mtu jukwaani anaahidi "kurudisha biashara kwa wenyewe," au mwingine anasema "soko litaamua," usimpigie makofi kabla hajajibu haya manne:
– Hati: nani atapata mkopo wa kununua, na kwa dhamana gani?
– Leseni: nani anaweza kunyimwa, na anakata rufaa wapi?
– Mkataba: landlodi akitaka kubomoa, mpangaji analipwa fidia au anaambiwa pole?
– Kitambulisho: je, mtaa mzima unaweza kufungwa kwa kosa la watu wachache?

22/ Mjibu yeyote akikwepa la tatu, mrudishie hilo hilo. Ndilo linalomgusa aliyekuuzia chai leo asubuhi. Na kama wewe ni mpangaji wa duka na umepata barua ya kuhama, angalia tarehe uliyoipokea na uende kwenye tume kabla haijaanza kazi. Pitisha uzi huu kwa mwenye kibanda chako.