Nani Analala Kwa SQ?

Nikiwaambia watu nakaa Kileleshwa wananiangalia vizuri. Nikiongeza "kwa SQ" wanacheka. Ni chumba kimoja, choo na bafu pamoja, na jikoni ni meza yenye mtungi wa gesi wa kilo 6 chini yake. Mlango wangu hauangalii barabara. Unaangalia mgongo wa nyumba kubwa, kamba ya nguo na tangi la maji.

Juzi nikiwa nangoja ndoo ijae pale nje nikajiuliza swali la kijinga: nani alichora hii nyumba, na kwa nini akaweka chumba changu huku nyuma, kama kitu cha kufichwa? Nikaanza kusoma. Sasa siwezi tena kupita kwa hii barabara bila kuhesabu milango ya nyuma.

Kwanza niwaelezee barabara yenyewe. Kila mgeni wangu husema neno moja: kumetulia. Na ni kweli. Kuna jakaranda pande zote, ikifika Oktoba lami inakuwa zambarau. Kuna ua wa kayaba uliokatwa vizuri, mbwa wawili watatu, na mchana unaweza kumsikia mtu akifagia majani kompaundi ya tatu kutoka kwako. Lakini jaribu kuamka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Utaona wanawake wakiteremka kwa miguu kutoka upande wa Kawangware, wawili wawili, sweta juu ya leso, wakipiga stori kwa sauti ya chini. Walinzi wanabadilishana zamu. Wa kuosha magari anafika. Ikigonga saa mbili, mageti yameshawameza wote na barabara imerudi kutulia. Huu utulivu una watu wake, na wanaufanyia kazi kila siku.

Turudi nyuma. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na haikuchukua muda watu wakaanza kugawanywa. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, na ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Wazungu wakachukua upande wa magharibi, kwenye miinuko na baridi nzuri, na Waafrika wakasukumwa mashariki. Ukitaka kujua kwa nini Eastlands iko Eastlands, anzia hapo.

Lakini kulikuwa na shida moja. Huyo Mzungu wa kwenye mwinuko alitaka chai saa kumi na mbili asubuhi. Alitaka maji ya kuoga yawe moto, nguo zipigwe pasi, mtoto abebwe, maua yamwagiliwe. Angefanyaje, na mtu wa kumfanyia hayo yote haruhusiwi kuishi hapo?

Jibu liliandikwa kwenye hati za ardhi. Kuna kesi moja iliyonifanya niweke simu chini nitembee kidogo. Serikali iliuza viwanja Mombasa kwa mnada uliokuwa wa Wazungu peke yao, na sharti likasema mwenye kiwanja asiruhusu Mwasia au Mwafrika yeyote kuishi kwenye nyumba wala vibanda vya nje, isipokuwa awe mtumishi wake wa nyumbani. Mtu mmoja anayeitwa Kaderbhai akapinga mahakamani. Kesi ikafika mpaka London, kwenye Baraza la Washauri wa Mfalme, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya makoloni. Mwaka 1931 serikali ikashinda.

Soma hilo sharti polepole. Isipokuwa awe mtumishi. Ukiwa daktari, huruhusiwi. Ukiwa mwenye duka tajiri, pia wewe huruhusiwi. Ukiwa wa kuosha sufuria, karibu, lakini ulale huko nyuma. Chumba changu kilizaliwa kutoka kwa hilo neno "isipokuwa".

Na si kulala tu. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole na majina ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukiacha kazi bila tajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro. Kwa hivyo kile chumba kilikuwa cha mtu aliyefungwa kwa kazi yake. Kazi ikiisha leo, leo huna pa kulala.

Kitu kingine ambacho watu wa rika langu hawajui: wengi wa hao watumishi walikuwa wanaume. Boi. Mtu wa miaka hamsini, ana wajukuu, anaitwa boi na mtoto wa miaka sita. Wanawake walikuja kujaa kwenye hii kazi baadaye.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikuja Nairobi kutoka Vihiga mwaka 1956, akawa mpishi wa Mzungu. Kijijini walimwita Mpishi mpaka siku ya kuzikwa. Alijua kuoka keki ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na jiko la kuiokea. Nyanya anasema miaka hiyo yote alienda kumtembelea mara moja tu. Akapewa siku tatu na mama wa nyumba, na hata hizo siku tatu alikaa ndani ya chumba mchana kutwa ili asionekane.

"Nyanya, chumba kilikuwaje?" nilimuuliza.

"Kitanda kimoja. Dirisha liko juu huko, la kupitisha paka."

Sasa, kuna sehemu ya hii stori ambayo baba yangu hapendi nikiisema. Kwa nini nafasi ilipatikana 1956? Miaka miwili kabla, Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza waliizingira Nairobi kwenye Operesheni Anvil na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Kazi zikabaki bila watu, na waajiri wakaanza kutafuta Waluhya, Waluo na Wakamba. Kitanda cha babu huenda kilikuwa na mwenyewe kabla yake. Sisemi babu alikosea. Alikuwa na kodi ya kulipa na watoto wa kulisha. Nasema tu vyumba vya nyuma vina stori nyingi kuliko sebule.

Mwaka huohuo wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikubali kitu ambacho kila Mwafrika alikuwa anakijua: mshahara ulikuwa unapigiwa hesabu kama kwamba mfanyakazi hana bibi wala watoto. Chumba nacho kilipigiwa hesabu hiyohiyo. Pima SQ yoyote ya zamani uone kama familia inatoshea.

Halafu uhuru ukaja. Wazungu wengi wakaondoka, na Waafrika wenye vyeo wakahamia magharibi. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliishi Convent Drive kule Lavington, mtaa uliokuwa shamba la kahawa la mapadre wa St. Austin's. Kileleshwa serikali ilikuwa na nyumba za mawe na vigae vyekundu, na sasa maafisa wa serikali mpya wakaingia. Masharti ya rangi yakafutwa. Unajua kile ambacho hakikufutwa? Ramani ya nyumba. Mlango wa mbele ukabaki mbele, chumba cha nyuma kikabaki nyuma, na mtu mpya akawekwa ndani. Alikuwa Mwafrika akimtumikia Mwafrika mwenzake, mara nyingi msichana wa ukoo aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa. Tulimbadilisha jina kila miaka michache. Boi, yaya, hausigeli, mboch, siku hizi ni "dada". Hilo la mwisho linanikera zaidi. Dada wa nani asiyekula mezani na nyinyi?

Sheria yenyewe inamkumbuka, hilo tuseme. Agizo la mishahara la 2022 liliweka kima cha chini cha Nairobi kuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, na mtumishi wa nyumbani yumo kwenye orodha pamoja na mfagiaji na mtunza bustani. Uliza nyumba kumi kwenye barabara yangu wanalipa ngapi, uone mageti yakifungwa.

Na mimi? Hapa ndo pagumu. Kodi ya SQ yangu ni nafuu kuliko bedsita yoyote ya karibu, na ndiyo maana sisi vijana tumezijaza. Nilikuwa najisifu, ati tumekichukua chumba cha mtumishi tukakigeuza keja. Mpaka jioni moja stima ilipopotea, tukakaa nje na mama anayefanya kazi nyumba kubwa. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mimi humwita Auntie.

"Auntie, we unalalanga wapi?"

Akanionyesha kwa kidole dirisha la stoo, pale karibu na jikoni.

"Kabla uje nilikuwa nalala hapo kwako," akasema. "Si hata ile misumari ya ukutani ni yangu."

Ile misumari mimi hutundikia jaketi. Nilitaka kusema pole, nikaona haitoshi, nikanyamaza. Yeye mwenyewe akaniambia nisijali, stoo ina joto. Nimejaribu kujiambia kwamba si mimi niliyemtoa, ni mwenye nyumba aliyeona pesa. Najua maneno hayo. Bila shaka babu pia alijiambia yake.

Sasa nyumba yenyewe inaenda. Nusu ekari iliyokuwa ya familia moja inatosha familia themanini ukiirundika juu, na hiyo ndiyo hesabu inayoimaliza Kileleshwa tangu miaka ya 2000. Jirani wa kulia ameshauza, mabati ya kijani yamepanda, jakaranda mbili zimekatwa. Sisi tumepewa miezi mitatu. Auntie hajaambiwa kama anaenda na familia.

Wiki iliyopita nilipita kwa kile kiofisi cha mauzo cha kompaundi ya jirani, nikajifanya mnunuzi. Kijana wa mauzo, mpole sana, akanipa karatasi yenye ramani ya fleti. Vyumba vitatu, kila kimoja na bafu lake, halafu DSQ. Siku hizi kile chumba hakiko nyuma ya kompaundi, kimeingizwa ndani kando ya jikoni, nyuma ya mashine ya kufua. Nikaangalia vipimo. Sebule imeandikwa vipimo, vyumba vyote vitatu vimeandikwa, hata baraza ya kuanika nguo imeandikwa. DSQ ina mstari wa mlango na herufi tatu, basi. Nikamuuliza ni futi ngapi.

"Hiyo watu hawaulizangi," akasema, akaanza kutafuta kwa simu yake.