Nani Anayekadiria? Historia ya Makadirio, Adhabu na Haki ya Kupinga Kodi Nchini Uganda, 1900–2024

Ikisiri

Makala hii inafuatilia uhusiano kati ya makadirio ya kodi, adhabu na haki ya mlipakodi ya kupinga nchini Uganda tangu Mkataba wa Buganda wa 1900 hadi mgomo wa wafanyabiashara wa Kampala wa 2024. Hoja kuu ni kwamba migogoro mikubwa ya kodi haikuzuka kwa sababu ya ukubwa wa kiwango pekee. Ilizuka pale adhabu ilipomfikia mlipakodi kabla hajapata mahali pa kuhoji hesabu aliyofanyiwa.

Utangulizi

Mjadala wa kodi katika ukanda wetu huelekezwa zaidi kwenye mapato: yamekusanywa kiasi gani na yamepungua wapi. Swali la nani anayekadiria, kwa ushahidi upi, na nani anayeweza kumsahihisha, huachiwa wanasheria. Historia ya Uganda inaonyesha kuwa swali hilo ni la kisiasa, na kwamba lilipopuuzwa gharama yake ilikuwa kubwa.

Rupia tatu za 1900

Mkataba uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 kati ya Sir Harry Johnston na watawala wa Buganda uliweka kodi ya kibanda ya rupia 3 kwa mwaka, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Kodi ya kibanda haikuhitaji ukaguzi wa mali, kwani kilichohesabiwa ni paa. Tajiri na maskini wenye kibanda kimoja kimoja walidaiwa sawa, na asiyekuwa na fedha aliweza kulipa kwa nguvu kazi.

Mkataba huo uliahidi kuwa kodi nyingine haingetozwa bila ridhaa ya Kabaka akishauriwa na wengi wa baraza lake. Ridhaa, basi, ilikuwa ya wakubwa. Mkulima hakupewa chombo cha kuuliza kwa nini jina lake limeandikwa daftarini, na machifu waliosimamia ukusanyaji ndio hao hao waliogawiwa ardhi kwa mkataba huo. Mkadiriaji, mkusanyaji na mnufaika walikuwa kundi moja.

Bukedi, 1960

Kodi ya viwango, iliyoenea wilayani katika miaka ya 1950, ilikusudiwa kurekebisha dosari ya kodi sawa kwa wote. Kila mwanamume mtu mzima angewekwa katika daraja kulingana na uwezo wake: ng'ombe, shamba, biashara au mshahara. Kwa nadharia ilikuwa kodi ya haki zaidi. Kwa vitendo ilimpa chifu mamlaka mapya, kwa kuwa sasa thamani ya mali ya jirani ilitegemea jicho lake. Mwenye ndugu barazani aliweza kushushwa daraja, na mwenye ugomvi na chifu akapandishwa.

Mnamo Januari 1960 ghasia zililipuka wilayani Bukedi, mashariki mwa nchi. Hasira za watu ziliwaelekea machifu na makadirio yao, na serikali ya kikoloni ililazimika kuunda tume ya uchunguzi. Somo lililo wazi ni kwamba watu hao hawakukataa dhana ya kulipa kulingana na uwezo. Walikataa kukadiriwa na mtu wasiyeweza kumhoji.

Somo hilo halikuzingatiwa vya kutosha. Kodi ya viwango iliendelea kwa miongo mingine minne baada ya uhuru, pamoja na misako ya alfajiri na kukamatwa kwa wasio na stakabadhi. Ilipoondolewa mwaka 2005, serikali za mitaa zilipoteza chanzo muhimu cha mapato yao wenyewe. Kodi ambayo ingeweza kurekebishwa iliishia kuchukiwa kiasi cha kutookolewa.

Kutoka kwa chifu hadi kwa kamishna

Mamlaka ya Mapato ya Uganda iliundwa mwaka 1991. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza Julai 1996, wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka, na serikali ikapandisha kiwango cha mauzo cha kujisajili kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 50. Kwa mara nyingine, sauti ya mlipakodi ilisikika mtaani kabla ya kusikika barazani.

Hata hivyo, msingi wa mabadiliko ulikuwa umekwisha kuwekwa. Ibara ya 152 ya Katiba ya 1995 inakataza kodi isiyoidhinishwa na sheria ya Bunge, na inaagiza kuundwa kwa mabaraza ya migogoro ya kodi. Sheria ya mabaraza hayo ilipitishwa mwaka 1997. Kisha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 ikapanga hatua: mlipakodi ana siku 45 za kuwasilisha pingamizi baada ya kupokea notisi ya makadirio; kamishna ana siku 90 za kuamua; na asiyeridhika ana siku 30 za kwenda barazani.

Milango hiyo ina vizingiti. Mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio yamezidi uko kwa mlipakodi, hivyo asiyetunza kumbukumbu ameshindwa kabla ya kuanza. Aidha, anayepinga makadirio hutakiwa kulipa kwanza asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu isiyobishaniwa iwapo ni kubwa zaidi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikubali kuwa sharti hilo haliendi kinyume na Katiba. Kwa kampuni kubwa hilo ni suala la mtiririko wa fedha; kwa mwenye duka dogo, linaweza kuwa mtaji wote. Wakati huohuo riba ya asilimia 2 kwa mwezi huendelea kuhesabiwa.

Ankara za kielektroniki na mgomo wa 2024

Mfumo wa ankara za kielektroniki ulioanza 2021 ulipunguza nafasi ya afisa kukisia, maana hesabu hutokana na mauzo yenyewe. Lakini mwezi Aprili 2024 maduka ya Kampala yalifungwa tena, na adhabu za kutotumia mfumo huo zikiwa miongoni mwa malalamiko makuu. Teknolojia ilikuwa imetibu makadirio bila kugusa mpangilio wa adhabu. Kwa upande mwingine, marekebisho ya 2023 yaliyosamehe riba na adhabu kwa waliolipa deni la msingi kufikia tarehe 31 Desemba mwaka huo yalikuwa ushahidi kwamba serikali yenyewe ilitambua kuwa adhabu zilizolimbikizwa huweza kuzuia malipo badala ya kuyaharakisha.

Hitimisho

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kizingiti cha asilimia 30 kipimwe kwa ukubwa wa biashara. Pili, adhabu ya kosa la kwanza la kiutaratibu itanguliwe na onyo la maandishi. Tatu, notisi za makadirio zitolewe pia kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, pamoja na lugha za maeneo husika. Siku 45 huanza kuhesabika mara notisi inapopokelewa, iwe imeeleweka au la. Mkulima wa Bukedi alinyimwa mahali pa kuuliza. Mfanyabiashara wa leo anapo mahali hapo, lakini asiyeweza kusoma notisi au kumudu kizingiti hajatofautiana naye sana.