Mizani ya Injini: Historia ya Kupima Nguvu za Turbo Mbili

Septemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, lori moja lilipanda polepole barabara ya Pikes Peak, mlima ulioko jimbo la Colorado nchini Marekani. Mgongoni lilibeba injini ya ndege aina ya Liberty, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27, pamoja na vifaa vya kuipimia nguvu. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Sanford Moss, mhandisi wa General Electric. Karibu na usawa wa bahari injini ile ilitoa nguvu farasi 350. Kileleni, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachopungua kidogo tu kile cha Mlima Meru wa Arusha, ilitoa 230. Moss akaifungulia turbo. Ikatoa 356.

Dereva aliyewahi kupandisha gari lisilo na turbo kutoka Mombasa hadi Limuru hahitaji kuelezwa sana. Hewa ya juu ni nyepesi, injini inavuta pumzi ndogo, gari linachoka. Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha feni, na feni hiyo huzungusha nyingine inayoisukuma hewa mpya ndani ya silinda kwa nguvu. Mswisi Alfred Büchi alikuwa amesajili hataza ya wazo hilo tangu 1905, lakini ni lori la Pikes Peak lililowafunga midomo wenye shaka. Februari 1920 Meja Rudolph Schroeder aliruka na injini ya Liberty yenye turbo hadi zaidi ya futi 33,000.

Simulizi hii husimuliwa kama historia ya turbo, na ndivyo ilivyo. Mimi huiona pia kama historia ya mizani. Bila kitu cha kuishika injini ile na kusoma inavyosukuma, Moss angeteremka mlimani na maneno matupu. Tangu hapo, na hata kabla yake, waliotengeneza injini wamekuwa wakitangulia, na waliotengeneza vyombo vya kuzipima wamekuwa wakiwakimbiza nyuma.

Kipimo chenyewe kilizaliwa sokoni. James Watt, mwishoni mwa karne ya 18, alitaka kuwauzia injini za mvuke watu waliokuwa wakitumia farasi kuzungusha vinu na mitambo yao. Mteja aliuliza swali la haki: mashine yako ni sawa na farasi wangu wangapi? Watt akapiga hesabu yake na kuamua kwamba farasi mmoja huinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Farasi wa kawaida hawezi kuihimili kazi hiyo kutwa nzima. Kwa muuzaji hilo lilikuwa jambo jema, maana mteja aliyepimiwa kwa farasi hodari kuliko wake hakurudi kulalamika.

Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alipata njia ya kupima bila farasi. Aliubana mhimili unaozunguka kwa vipande viwili vya mbao, akaviunganisha na mkono mrefu, na mwisho wa mkono akatundika mawe ya mizani. Mhimili unataka kuzungusha mbao, mawe yanazizuia. Yakilingana, umeipata nguvu. Mbao zilitoa moshi na kuungua, ikabidi zimwagiwe maji. Kwa injini za meli za kivita njia hiyo haikufaa kabisa. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude, akiitumikia Wizara ya Wanamaji ya nchi yake, akayafanya maji yenyewe kuwa breki: gurudumu lenye vikombe linazunguka ndani ya ganda lenye vikombe, maji yanarushwa huku na huku kati yake, ganda linataka kufuata mzunguko, na mkono uliofungwa kwenye ganda unakandamiza mizani. Froude hakuishi sana baada ya hapo. Alifia Simon's Town, Afrika Kusini, mwaka 1879. Lakini daino (yaani mizani ya injini) ya maji iliyomo leo katika gereji nyingi za mbio za Marekani inafanya kazi kwa kanuni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mawe ya mizani yameondoka na mahali pake pamekaa kihisio cha umeme na kompyuta.

Gereji hizo zilianzia California. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana walinunua magari makuukuu ya Ford, wakayavua kila kilichokuwa kizito na kushindana kwenye maziwa yaliyokauka na viwanja vya ndege vilivyoachwa. Mwaka 1950 uwanja wa Santa Ana ulianza kutoza kiingilio, na mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi hadi leo. Magari mawili sambamba, njia iliyonyooka, robo maili, basi. Mjini Los Angeles Vic Edelbrock, aliyekuwa akitengeneza manifodi na silinda hedi, alikuwa miongoni mwa mafundi wa mwanzo kuwa na daino yao wenyewe. Faida yake iko wazi: fundi mwenye daino alijua saa tisa alasiri kama kabureta mpya imesaidia, mwenzake alingoja Jumapili, halafu asijue kama ni kabureta au ni upepo.

Hapo kati kiliingia kipindi ambacho namba ziliharibika, na kiwanda ndicho kilichoziharibu. Chevrolet ilitoa mwaka 1965 injini ya V8 ya bloku kubwa yenye inchi za ujazo 396, kisha ikaikuza hadi 427 na 454, yaani lita 7.4. Nguvu zilizotangazwa zilipimwa injini ikiwa imevuliwa nguo: bila feni, bila alteneta, bila kichujio cha hewa, ekzosti ikiwa wazi. Kwa hiyo namba nyingi zilikuwa kubwa kuliko alichopata mnunuzi barabarani. Ajabu ni kwamba injini kali kuliko zote zilifanyiwa kinyume. L88 ya 1967, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, iliandikwa nguvu farasi 430, huku L71 iliyo laini zaidi ikiandikwa 435. Fundi yeyote aliyeiweka L88 kwenye daino aliona zaidi ya 500. Kiwanda hakikutaka mnunuzi wa kawaida aitamani. Tena, makampuni ya bima yalikuwa yameanza kuangalia namba hizo, na NHRA iliyapanga magari ya kiwandani kwa kugawa uzito kwa nguvu zilizotangazwa, hivyo gari lililojipunguza lilipangwa na wanyonge. Chama kikaja kuwa na orodha yake chenyewe, kikipandisha nguvu za kila injini iliyoshukiwa.

Mwaka 1972 viwanda vya Marekani vilihamia kipimo cha injini iliyovaa kila kitu. Injini ya 454 ya Chevelle, iliyoandikwa 365 mwaka mmoja kabla, ikaandikwa 270. Wengi bado wanasema sheria za moshi ndizo zilizoiua. Zilichangia, lakini sehemu kubwa ya farasi waliopotea mwaka ule hawakuwahi kuwepo.

Bloku kubwa yenyewe haikufa. Ilihamia kwa mafundi binafsi, ikaongezwa ujazo, na ikakutana na kifaa cha Moss. Kwa V8, turbo mbili zina mantiki: kila moja hupokea moshi wa silinda nne za upande wake, na turbo mbili za wastani huamka upesi kuliko dubwana moja. Leo injini ya aina hiyo yenye inchi za ujazo 540, yaani lita 8.8, inaweza kupita nguvu farasi 2,500. Kuipima ndiko kwenye kazi.

Siku ya kupima huanza kimya. Injini inafungwa kwenye stendi, flaiwili inaunganishwa na daino, na pampu ya oili inazungushwa kwa drili mpaka oili ifike kwenye beringi zote kabla krenki haijageuka. Inawashwa, inapashwa moto, taiming inakaguliwa kwa taa, kila kiungio kinatazamwa kama kinavuja. Fundi anakaa nyuma ya kioo kinene akiangalia joto la moshi wa kila silinda, presha ya oili, ya mafuta, na ya hewa inayoingia. Hewa hiyo hupozwa kwa maji ya barafu, maana turbo huichemsha inapoibana.

Halafu unakuja ugumu wenyewe. Turbo huzungushwa na moshi, na moshi mwingi wa moto hupatikana pale tu injini inapobebeshwa mzigo. Ukiikanyagia ikiwa haina mzigo itapiga mizunguko 7,000 kwa dakika huku turbo zimelala. Ni lazima daino iishike chini, iikatalie kupanda, mpaka presha ijengeke, kisha iiachie kidogo kidogo, labda ikiongeza mizunguko 300 kwa dakika kila sekunde. Turbo zikiamka, msukumo unaongezeka ghafla, na maji ndani ya daino lazima yaongezeke kwa kasi hiyohiyo. Valvu ya maji ikichelewa, injini inatoroka. Ikizidisha, inakabwa na mchoro wa nguvu unatoka kama meno ya msumeno.

Kisha kuna joto. Nguvu farasi 2,500 ni kilowati 1,865, na zote zinaishia ndani ya maji. Kama injini ingeshikiliwa hapo dakika nzima, lita 1,000 za maji zingepanda nyuzi karibu 27 za Selsiasi. Ndiyo maana zoezi huchukua sekunde chache, na ndiyo maana daino iliyotosha injini ya 1970 haina msaada hapa.

Fundi mzoefu haanzi na presha kubwa. Huendesha kwanza kwa ile inayoruhusiwa na springi ya westigeti (valvu inayozuia presha ya turbo isizidi) peke yake, anazima, anafungua plagi na kuzisoma, anapasua kichujio cha oili kutafuta chembe za chuma, ndipo anaongeza kidogo. Mchanganyiko ukipungua mafuta kwenye silinda moja tu, pistoni inatoboka kabla mkono haujafika kwenye swichi. Presha ikizidi uwezo wa bolti, silinda hedi inanyanyuka na maji yanatafuta pa kutokea. Kwa maoni yangu hii ndiyo thamani halisi ya daino. Namba ya juu kabisa ni ya kubandikwa ukutani, na hupikwa kirahisi: yapo masahihisho ya hali ya hewa yaliyotungwa kwa injini zisizo na turbo, na ukiyapachika kwenye injini ambayo turbo imekwisha kufidia hewa nyepesi, unapata farasi wa kwenye karatasi tu. Wapimaji waangalifu huandika walichokisoma.

Injini za aina hii hufika hata barabarani: mwaka 2014 Larry Larson aliendesha pikapu ya Chevrolet S-10 yenye bloku kubwa na turbo mbili, gari lenye namba za usajili wa barabarani, akamaliza robo maili kwa sekunde 5.95.

Bado kuna injini zilizoikimbia mizani. Gari la Top Fuel, lenye injini ya inchi za ujazo 500 inayochoma nitromethani, huishi kwa nguvu zake zote sekunde chache tu, na kwa miongo mingi hapakuwa na daino ya kuishika. Nguvu zake zilikisiwa kwa uzito wa gari na kasi yake. Katika muongo wa 2010 kampuni ya AVL ya Austria iliacha kuileta injini kwenye mizani, ikaipeleka mizani kwenye injini: kihisio cha msukumo kilifungwa ndani ya gari la timu ya Don Schumacher na kusomwa likiwa mbioni. Waandishi wa michezo walikuwa wamezoea kuandika 8,000, baadaye 10,000. Kihisio kilisoma zaidi ya 11,000.