Wimbo unaorudi nyumbani: Paul McCartney, Fats Domino na uwanja unaoitwa Congo

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu, hasa ninyi mlioacha makwenu na leo mnaishi kambini au kwa jamaa, tuweke kando kidogo habari za usalama na bei ya unga. Leo tuzungumzie nyimbo.

Mtu anayekimbia usiku habebi vingi. Anabeba mtoto, godoro, sufuria, na kadi ya uchaguzi akikumbuka ilipo. Nyimbo hazihitaji kubebwa, ziko naye tu. Ndiyo maana jioni utamsikia mama mmoja akianza wimbo wa kwaya ya parokia yake, au mzee akiimba rumba aliyoicheza siku ya arusi yake. Wengine husema huko ni kupoteza muda. Wengine huuliza: wimbo wa zamani ukiimbwa na mtu mwingine, unabaki kuwa wa nani?

Maswali haya mawili si yetu peke yetu. Mwaka 1999 Mwingereza mmoja, miongoni mwa wanamuziki mashuhuri kuliko wote duniani, alitoa albamu yenye nyimbo za watu wengine, za ujana wake. Ukifuata nyimbo hizo hadi zilikotoka, utafika mahali penye jina la nchi yetu.

Mwanamuziki huyo ni Paul McCartney, aliyekuwa katika kundi la Beatles. Tarehe 17 Aprili 1998 alifiwa na mke wake Linda kwa saratani ya matiti. Walikuwa wameoana Machi 1969, na Linda alikuwa amepiga naye muziki jukwaani kwa miaka mingi. Karibu mwaka mmoja baadaye, Machi 1999, McCartney aliingia studio ya Abbey Road huko London. Mtu wa sifa yake angeweza kukaa humo miezi mingi akitunga mambo mapya. Yeye aliwaita wanamuziki wachache, akiwemo mpiga gitaa David Gilmour na mpiga ngoma Ian Paice, na ndani ya wiki moja hivi sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha.

Walifanya kama Beatles walivyofanya walipoanza. Wimbo mmoja ulipewa dakika chache za kujifunza, kisha wote wakapiga kwa pamoja. Wengine hawakuambiwa mapema watapiga wimbo gani. Albamu ya kwanza ya Beatles nayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa kwa siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963, katika jengo hilohilo.

Albamu hiyo ilitoka Oktoba 1999 kwa jina la Run Devil Run, yaani "Kimbia, shetani, kimbia". Jina alilipata kwenye duka la dawa mjini Atlanta, Marekani, palipouzwa bidhaa ya kufukuza mabaya. Ina nyimbo 15: tatu alizitunga mwenyewe, na 12 ni za wengine, nyingi zikiwa zile vijana wa miaka ya 1950 walizoziita rokenroli. Mwezi Desemba mwaka huohuo akaenda kuzipiga mjini kwao Liverpool, kwenye klabu ya Cavern, mbele ya watu wapatao 300 tu.

Kwa nini mtu aliyefiwa arudi kwenye nyimbo za aina hiyo, za kucheza na kuruka? Tuangalie alizisikia lini. Mama yake, Mary, alikuwa muuguzi na mkunga. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1956, baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, ugonjwa uleule uliokuja kumchukua Linda. Paul alikuwa na miaka 14. Baba yake alikuwa amempa tarumbeta, naye akaibadilisha kwa gitaa. Ndiyo miaka ambayo rokenroli ilikuwa ikiingia Liverpool kwa redio na kwa santuri. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa, alikutana na kijana aitwaye John Lennon na kumwimbia wimbo wa Mmarekani Eddie Cochran. Mwaka uliofuata Lennon naye alifiwa na mama yake, aliyegongwa na gari. Wimbo wa kwanza wa rokenroli ambao Lennon aliujua, Ain't That a Shame, alikuwa amefundishwa na mama huyo kwa banjo.

Kwa hiyo kwa vijana hawa wawili nyimbo hizo hazikuwa burudani peke yake. Zilikuwa kitu walichoshika baada ya msiba. Mwaka 1975 Lennon alitoa albamu yake ya nyimbo za zamani, na Ain't That a Shame imo. Mwaka 1999 McCartney, mwenye miaka 56, alishika tena alichokuwa ameshika akiwa na miaka 14. Yeyote aliyewahi kuimba kwenye matanga anaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Hilo ni jibu la swali la kwanza. Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu lina pesa na jina ndani yake.

Rokenroli ilizaliwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wamarekani Weusi, wajukuu wa watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika. Katika Run Devil Run mna wimbo wa Chuck Berry, wimbo uliovuma kwa Big Joe Turner, mwingine kwa Faye Adams, mwingine kwa Larry Williams wa New Orleans. Wote hao walikuwa Weusi. Mna pia nyimbo tatu zilizojulikana kwa sauti ya Elvis Presley, Mzungu. Mmoja wao, All Shook Up, ulitungwa na Otis Blackwell, mtunzi Mweusi wa New York. Lakini kwenye santuri ya mwaka 1957 jina la Elvis liliandikwa pia kama mtunzi. Hiyo ilikuwa biashara ya siku zile: mtunzi asiye na nguvu alikubali kugawana jina ili wimbo wake uimbwe na mwenye sifa.

Wimbo ule ambao mama wa Lennon alimfundisha ni mfano mwingine. Ain't That a Shame ulitungwa na Fats Domino pamoja na Dave Bartholomew, wanamuziki wawili Weusi wa New Orleans, na ukatoka mwaka 1955. Mwaka huohuo Mzungu Pat Boone aliurudia kwa sauti laini. Toleo lake likafika nambari moja katika orodha kuu ya Marekani, na la Domino likaishia nambari kumi. Redio nyingi za Wazungu hazikupenda kupiga santuri za Weusi. Domino na Bartholomew, kwa kuwa majina yao yalikuwa yameandikwa kama watunzi, walipata haki yao ya utunzi hata Boone alipouza. Waimbaji wengi wa zama zao hawakuwa na karatasi kama hiyo, na hawakupata kitu.

Hapo tunaona kwamba kurudia wimbo kunaweza kuwa njia ya kumfunika mwenyewe, na kunaweza kuwa njia ya kumtaja. Tofauti iko hapa: je, anayesikia anaambiwa wimbo umetoka kwa nani, na je, aliyeutunga anapata chake?

Katika albamu ya McCartney mna wimbo mmoja wa polepole, Coquette. Yeye aliujua kwa sauti ya Fats Domino, aliyeurekodi mwaka 1958. Lakini hata Domino hakuutunga: wimbo ni wa mwaka 1928, wa orkestra za kucheza dansi. Domino aliuheshimu kwa kuuimba kwa namna ya mji wake, na McCartney akamheshimu Domino.

Mji huo ni New Orleans, katika jimbo la Louisiana, ambalo zamani lilikuwa koloni la Ufaransa. Antoine Domino alizaliwa huko tarehe 26 Februari 1928, katika familia iliyozungumza krioli yenye asili ya Kifaransa. Desemba 1949 aliingia studio ndogo ya Cosimo Matassa, kwenye barabara ya North Rampart, akarekodi santuri yake ya kwanza, The Fat Man. Wanahistoria wengi huihesabu miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za rokenroli. Mwaka 1955 Little Richard naye alirekodi Tutti Frutti katika studio hiyohiyo.

Ukitoka mlangoni pa studio ile na kutembea kidogo kwenye barabara hiyo, unafika kwenye uwanja unaoitwa Congo Square, uwanja wa Congo. Wakati wa utumwa, watumwa wa New Orleans walipata nafasi ya kukutana siku ya Jumapili. Mwaka 1817 wakubwa wa mji waliamuru mikutano hiyo ifanyike mahali pamoja tu, na mahali hapo pakawa uwanja huu. Waliuza vitu vyao, wakapiga ngoma na kucheza kwa namna za kwao. Miongoni mwao walikuwemo watu walioletwa kutoka nchi za Kongo na Angola, na wengine kutoka upande wa Senegal. Sehemu nyingi za Marekani zilikataza kabisa ngoma za watumwa, lakini hapa ziliendelea kusikika kwa miaka mingi. Mdundo wa mji ule, uliozaa jazi na kisha rokenroli, una mizizi yake katika Jumapili zile.

Na Liverpool, mji wa McCartney? Mwishoni mwa karne ya 18 ndiyo iliyokuwa bandari kubwa kuliko zote za Uingereza katika biashara ya watumwa, na meli zake zilichukua watu pia kwenye pwani ya Loango na mdomo wa mto Congo. Bandari iliyowapeleka watu ng'ambo ndiyo iliyokuja kupokea muziki wa wajukuu wao.

Sisi Wacongo tunaijua safari kama hii. Midundo ya kwetu ilivuka bahari na watumwa hadi Cuba, ikarudi kwa santuri tangu miaka ya 1930, na vijana wa Kinshasa na Brazzaville wakaifanya rumba yao. Desemba 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Congo kuwa urithi wa wanadamu wote.

Beatles walikutana na Fats Domino ana kwa ana mjini New Orleans, Septemba 1964. Mwaka 1968 McCartney alitunga Lady Madonna, akipiga piano na kuimba kwa namna ya Domino. Mwaka huohuo Domino aliuchukua wimbo huo na kuurekodi yeye mwenyewe. Heshima ilikwenda na kurudi.

Kisha likaja jambo ambalo ninyi mlio kambini mtalielewa kuliko mimi ninayeliandika. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kingo za mifereji zikabomoka, na maji yakafunika karibu asilimia 80 ya New Orleans. Domino, mwenye miaka 77, hakuwa ameondoka kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa. Nyumba yao ilijaa maji. Kwa siku kadhaa watu waliamini amekufa, hata mtu mmoja akaandika maneno ya kumuaga kwenye ukuta wa nyumba yake. Alikuwa ameokolewa pamoja na jamaa zake. Piano zake ziliharibika, na tuzo zake nyingi zikapotea. Hakurudi tena kuishi kwenye nyumba ile ya mtaa aliozaliwa.

Mwaka 2007 wanamuziki wa nchi mbalimbali walirudia nyimbo zake katika albamu ya heshima, na mapato yakaenda kusaidia wanamuziki na kuujenga upya mji. Albamu inafunguliwa na sauti ya Lennon katika Ain't That a Shame, ijapokuwa Lennon alikuwa ameuawa tangu 1980. McCartney naye yumo. Na piano moja nyeupe ya Domino ilipotengenezwa upya kwa ajili ya jumba la makumbusho la Louisiana, McCartney alikuwa miongoni mwa waliochangia gharama. Albamu hiyo inaitwa Goin' Home, jina la wimbo wa Domino wa mwaka 1952. Maana yake ni "Narudi nyumbani". Domino alifariki Oktoba 2017, akiwa na miaka 89.

Kwa hiyo mama anayeimba jioni nje ya hema hapotezi muda. Kuna watoto waliozaliwa hapa kambini ambao hawajakiona kijiji chao, na wimbo ule ndio kipande cha kijiji wanachokipata. Tunaomba jambo moja tu. Mnapowafundisha watoto wimbo, wafundisheni pia jina la aliyeutunga, au la kwaya iliyouimba, na la mahali ulipoimbwa. Mwenye daftari aandike, mwenye simu arekodi. Siku ya kurudi ikifika, wimbo nao ujue njia ya kwao.