Vitabu vya bei chee vilivyoshinda mafuriko

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulifurika ukaingia mpaka katikati ya Florence, Italia. Hayakuwa maji matupu. Yalibeba matope na mafuta mazito ya kupashia nyumba joto, na kuna mitaa yalipanda zaidi ya mita sita. Maktaba ya Taifa ya pale iko kando kabisa ya mto, na hazina yake kubwa ilikuwa kwenye vyumba vya chini. Vitabu, magazeti na nyaraka zaidi ya milioni moja zikalowa.

Wengi walioingia humo walikuwa vijana. Wanafunzi, watalii, watu wa rika lako wewe unayesoma hapa, walijipanga mstari kwenye ngazi wakipokezana vitabu mkono kwa mkono, matope mpaka kiunoni. Waitaliano wanawaita malaika wa matope. Wengi wao hata majina hayakuandikwa popote.

Sasa kazi ngumu ikawa ya mafundi. Kitabu kilicholowa kinavimba, gundi inaachia, jalada linapasuka. Kwa hiyo vingi vilifumuliwa kurasa kwa kurasa, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye kamba kama nguo. Vingine vilipelekwa kukaushwa kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Halafu fundi anakaa mezani na sindano: anaziba palipochanika kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya unga, kisha anashona upya. Yaani kitabu kimoja kinaweza kula wiki kadhaa. Mimi ningeshakata tamaa siku ya pili, sidanganyi.

Humo ndani ndipo mafundi waliotoka Uingereza, wakiongozwa na Peter Waters, walipoona jambo la ajabu. Mmoja wao, Christopher Clarkson, alilifuatilia kwa miaka mingi baadaye. Vile vitabu vya kifahari, vyenye majalada magumu na gundi nyingi mgongoni, viliumia vibaya sana. Lakini kulikuwa na vingine vya karne ya 16 na ya 17 ambavyo havikuwa na mbwembwe yoyote, vimevikwa ngozi laini tu ya ndama au mbuzi, ile inayolowekwa kwenye chokaa na kuwambwa kama ngozi ya ngoma. Enzi zake hilo lilikuwa jalada la bei nafuu. Hivyo ndivyo vilivyotoka vikiwa na nafuu kuliko wenzao.

Siri ilikuwa kwenye ushonaji. Jalada halikugandishwa mgongoni kwa gundi. Lilishikwa na vikanda vilivyopenyezwa kwenye matundu, basi. Kitabu kilipovimba, jalada halikukibana, na fundi aliweza kulivua, kuliosha na kulirudisha lile lile.

Tangu hapo mafundi wengi walibadilika. Wakaanza kushona kwa namna hiyo, na kutumia gundi inayotoka kwa maji, ili fundi wa miaka mia ijayo aweze kufumua bila kuharibu. Aliyebuni jalada lile hatumjui. Huenda alikuwa anabana matumizi tu.

Na pale Florence kazi haikuisha haraka. Mwaka 2016, miaka 50 baada ya mafuriko, bado kulikuwa na vitabu vinasubiri sindano.