Siku ya mapumziko Masaka

Miguu ilikataa. Tulitoka Nakivale watu wanne, baiskeli nne (kinga, kama tunavyosema kwetu Kivu), tunaenda Kampala, na kufika Masaka tukaamua kupumzika siku nzima. Si mji wa watalii. Ni maduka ya vyuma, ndizi zimerundikwa, bodaboda kila kona.

Wenzangu walilala. Mimi nikapeleka tyubu kuzibwa pancha. Fundi, mzee wa makamo ya babu yangu, nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiganda. Nikadhani hasikii. Baadaye kidogo akauliza, bila kuinua macho: "Hiyo Kiswahili ulisomea jeshini?"

"Hapana mzee, ni ya mama yangu."

Alishangaa kweli.

Swali lake lina historia. Tangu enzi za Waingereza, Kiswahili Uganda kilikuwa lugha ya kambi za askari. Mwaka 1973 Idi Amin akaitangaza lugha ya taifa, na watu wakazidi kuisikia kama amri: toka, lala chini, leta. Halafu, Oktoba 1978, jeshi la Amin likavamia Kagera, likaua na kupora. Watanzania wakajibu. Februari 24, 1979 wakaiteka Masaka, na askari wakalipua majengo kulipiza kisasi cha Kagera. Nyerere mwenyewe hakupendezwa, akaamuru raia na mali zao waheshimiwe. Lakini Masaka ilikuwa imeshabomoka. Na waliokuja kumtoa dikteta nao walisema Kiswahili!

Mzee alinyoosha spana kuonyesha upande uliovunjwa. Yeye na nduguze, alisema, walikuwa wamejificha migombani. Nilizunguka huko mchana kutwa. Niliona benki, saluni, watoto wa shule. Cha vita sikuweza kukitambua. Ila kila nilipotaka kuuliza njia, mdomo ulikuwa mzito. Sisi kambini tunajivunia lugha hii, ndiyo inayotuunganisha Wabembe, Wafuliiru, Warundi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuisikia akashtuka.

Jioni mzee alinitajia bei kwa Kiswahili, kikavu kama cha sajini. Nikalipa.

Kesho yake, tunakaribia bwawa la Lukaya, pale Watanzania walipopigana Machi 1979 na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin, tyubu ile ile ikatoboka tena. Tukaiziba wenyewe, kando ya mafunjo.